Siti ya baiskeli kwa mwendo mrefu: nikilala kwenye aerobaa nakufa ganzi, nibadilishe nini?

Kanyagia_Mbezi
Wakuu habari za jioni. Matani najua yatakuja ila naombeni msaada kwanza.

Naendesha baiskeli ya mbio, Jumamosi huwa tunatoka Mbezi Beach kwenda Bagamoyo na kurudi. Mwaka huu nikaingiwa na hamu ya triathloni, ile ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, nikafunga aerobaa, zile za kulaza mikono mbele. Sasa nikishika usukani kawaida niko vizuri hata masaa mawili, ila nikilala kwenye aerobaa robo saa haiishi huku mbele kote kumekufa ganzi, inabidi niinuke nisubiri damu irudi ndo niendelee. Siti ni ile iliyokuja na baiskeli ya mtumba, ndefu, nyembamba, ngumu. Nikanunua kava ya jeli, nusu saa ya kwanza raha mustarehe, baada ya hapo ikawa balaa kuliko mwanzo. Nimeshajiandikisha nusu Ironman, kilomita 90 za baiskeli halafu bado mtu ukimbie 21. Nibadilishe siti? Ipi? Au mwili haujazoea nivumilie? Bajeti ya kawaida, siyo ya kishua.

Ngosha wa Keria
Vumilia, hakuna kingine. Huku Shinyanga wazee wamebeba abiria kwenye keria tangu enzi za Swala na Phoenix, siti ya springi, kutwa nzima juani, hujasikia hata mmoja kaanzisha uzi wa ganzi. Nyie wa Dar mmezoea siti za mwendokasi.

Mzaramo Halisi
Mwendokasi unapata siti wewe? 😂 Endelea kutudanganya.

Fundi Pimamaji
@Ngosha unachanganya mambo. Yule mzee wa daladala ya baiskeli amekaa wima, usukani uko juu kuliko siti, uzito wote umetua kwenye mifupa miwili ya makalio, ile unayoisikia ukikalia benchi la mbao. Na siti yake ni pana mpaka basi. Mleta uzi yeye amelala, nyonga imegeukia mbele, ile mifupa imenyanyuka na uzito umehamia kwenye msamba. Pale hakuna mfupa wa kupokea mzigo, kuna neva na mishipa ya damu inayopeleka huko mbele. Ukiibana unapata ganzi, na neva haizoei kubanwa hata ukivumilia mwaka mzima.

Kava ya jeli itoe leo leo. Inafanya kazi ya godoro la sponji lililochoka, mifupa inazama pembeni, katikati panapanda juu na kubana palepale usipotaka pabanwe. Kava ni ya kwenda sokoni na kurudi.

Halafu pima mifupa yako. Tafuta boksi, ile kadibodi yenye mawimbi ndani, weka juu ya stuli ngumu au ngazi ya saruji, kalia ukiwa na kaptula nyepesi, nyanyua visigino magoti yapande, jivute chini kwa mikono kisha inuka. Utaona vishimo viwili, vipake chaki, pima kutoka katikati ya kimoja mpaka katikati ya kingine. Wengi wanaangukia kati ya milimita 100 na 150. Siti iwe pana kuliko hapo kwa sentimita mbili hivi. Ndo maana kampuni ya Specialized wanatoa siti ileile kwa upana wa 143, 155 na 168. Na usidanganywe na ukubwa wa makalio, nimepima mtu mnene wa kilo 95 akatoka na mifupa iliyobanana, binti mwembamba akatoka na mapana kumzidi.

Magadi254
Niaje wasee. Fundi uko sawa kwa baiskeli ya mbio lakini kwa aero hiyo kadibodi haisaidii. Si umesema mwenyewe mifupa imenyanyuka? Sasa unapima kitu hakikaliwi ya nini? Ukilala chini unakalia ile mifupa inayotoka kwa makalio ikienda mbele kukutana kwa kinena, na inazidi kukaribiana ikienda mbele. Hiyo ndio kazi ya siti za ISM, pua imekatwa na kugawanywa mara mbili, kila upande unabeba mfupa wake na katikati hakuna kitu. Mimi hushuka Magadi Road karibu nusu ya safari nikiwa chini kwa aerobaa na sina stori ya ganzi.

Lakini nisikudanganye, mwanzo ilinichubua mapaja vibaya sana. Nikafunga kebo tai pale mbele nikavuta zile ncha mbili zikaribiane, ni ujanja wa kawaida kwa watu wa ISM. Na usikae kama umezoea, unakaa mwisho kabisa mbele, ukirudi nyuma kwa ile sehemu pana itakukata. Bei ndio noma, mpya ni dola mia na kitu kwenda juu.

Fundi Pimamaji
@Magadi254 kwenye aero sikubishii. Ila huyu bwana ana baiskeli ya mbio kaifunga aerobaa. Bomba la siti kwenye baiskeli ya mbio limelala digrii 73 hivi, kwenye ya triathloni limesimama zaidi, 76 mpaka 80. Ukifunga aerobaa bila kusogeza siti mbele na bila kuinua vile viegemeo vya viwiko unajivuta kufuata mikono, unatoka kwenye siti unaishia kukalia pua. Anaweza akanunua ISM kwa hela yote hiyo na bado akafa ganzi. Kwanza mkao, siti baadaye.

Kijiwe Nongwa
Mnazunguka mbuyu. Semeni ukweli, hii kitu inaua nguvu za kiume. Kuna daktari Mmarekani alisema wanaume wanaoendesha baiskeli wako aina mbili tu, walioishiwa na watakaoishiwa. Mleta uzi uza baiskeli ulinde ndoa.

Kanyagia_Mbezi
@Kijiwe Nongwa sijaoa mkuu, ila umenitisha.

Sista wa Wodini
@Kijiwe Nongwa huyo ni Irwin Goldstein wa Boston na maneno hayo ni ya 1997, mbona unaleta ya zamani bila kuleta yaliyofuata. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, iliwapa polisi 90 wa doria za baiskeli siti zisizo na pua kwa miezi sita. Matokeo yalitoka 2008, waliosema hawapati ganzi kabisa walipanda kutoka asilimia 27 mpaka 82. Kwa hiyo pua ya siti ina kesi ya kujibu, hapo nawapa watu wa ISM haki yao. Ila utafiti mwingine wa Chuo Kikuu cha California San Francisco, 2018, ulilinganisha waendesha baiskeli na waogeleaji na wakimbiaji, na nguvu za kiume za waendesha baiskeli hazikuwa mbaya kuliko za wenzao. Ganzi ilikuwepo, hiyo ndiyo. Na humo humo kuna kitu mtu hajakigusa hapa: waliokuwa wanasimama juu ya pedeli zaidi ya asilimia 20 ya muda, ganzi ilipungua wazi. Na ambao usukani wao uko sawa na siti au chini yake walipata ganzi na vidonda zaidi.

Haimaanishi ganzi uipuuze. Ikibaki mpaka kesho yake au ikirudi ukiwa umekaa tu nyumbani, nenda hospitali, usisubiri majibu ya humu.

Kijiwe Nongwa
Sista umeniua 😂 haya nimekaa pale.

MilimaElfu
Ndugu zangu, niko Kigali. Hiyo ya kusimama nawahakikishia. Huku huna namna, kila baada ya dakika chache kuna mlima unasimama juu ya pedeli upende usipende, halafu unateremka umenyanyua makalio. Sikuwahi kujua ganzi ni nini. Nikaja Dar kumsalimia shemeji yangu, nikabeba na baiskeli, tukatoka naye ile ile Bagamoyo. Barabara tambarare, unakaa mkao mmoja, unakanyaga mfululizo, sikunyanyuka hata mara moja, nusu ya njia nimekufa ganzi na siti ni ileile ninayopandia milima. Sasa hapo mtaniambia siti ndiyo mbaya? Tambarare ndiyo inatesa.

Magadi254
Point. Hata mashine ya kukanyagia ndani ya nyumba ni mbaya kuliko barabara kwa sababu hiyohiyo, baiskeli haiyumbi na wewe husimami.

MilimaElfu
Na hata wakubwa siti inawaliza. Septemba 2025 mashindano ya dunia yalipokuja hapa kwetu, mara ya kwanza Afrika, Remco Evenepoel yule Mbelgiji alikuwa ametoka kushinda mbio za muda, zile za kila mtu peke yake na saa. Siku ya mbio kubwa akagonga shimo karibu na mlima Kigali, siti ikahama kwenye kipimo chake, misuli ya nyuma ya paja ikaanza kumbana. Akabadili baiskeli, ile nyingine nayo siti haikukaa anavyotaka, akasimama pembeni akipiga kelele mpaka akaletewa ya tatu. Mpinzani wake Pogačar huyo ameshaenda zake. Mtu wa kiwango kile siti ikicheza kidogo tu inamharibia, sisi je?

Ngosha wa Keria
Alishindwa na Pogačar hakushindwa na siti. Hata ungempa sofa.

MilimaElfu
Bado alimaliza wa pili lakini, kwa baiskeli tatu. Mpe heshima yake.

Mama wa Pedeli
Nimesoma mpaka hapa, ukurasa mzima ni ndoa na nguvu za kiume. Na sisi tunakalia siti jamani. Kwetu siyo ganzi tu, panavimba. Hannah Dines, yule wa Paralimpiki wa Uingereza, alieleza hadharani 2019 kwamba alifanyiwa upasuaji kwa uvimbe uliotokana na miaka ya kukalia siti, na wengi wakaanza kusema baada yake kwa sababu kabla ya hapo ilikuwa aibu kumwambia kocha.

Kitu kimoja nimekiona kwa wenzangu wengi: mnaambiwa siti yenye tundu katikati ndo dawa. Kwa mwanamke tundu likiwa pana, nyama laini inashuka humo halafu kingo zinakata. Mimi ilinifaa ile Mimic ya Specialized, wamejaza pale katikati kwa sponji laini badala ya kuacha wazi. Rafiki yangu ninayependa naye vitu vilevile ikamshinda siku ya kwanza, yeye anataka tundu. Kwa hiyo msiniulize ipi ni bora.

La pili, msinyoe kabisa. Zile nywele zinapunguza msuguano na vipele. Ukishindwa kabisa punguza kwa mkasi.

Mzaramo Halisi
Asante kwa kutuongezea elimu dada. Ila @Fundi Pimamaji si inajulikana wanawake nyonga pana kwa hiyo wao ni siti pana tu, basi?

Fundi Pimamaji
Kwa wastani ndiyo wanazidi kidogo, ila kwa mtu mmoja mmoja huwezi kubahatisha. Kuna wanaume wengi wapana kuliko wanawake wengi. Ndo maana nasema kadibodi, siyo jinsia.

Lulu ya Qudra
Salamu kutoka Dubai. Mimi naendesha Al Qudra, jangwani, njia ya baiskeli tupu, tambarare, upepo, kwa hiyo MilimaElfu nakuunga mkono. Saa yangu inapiga kengele kila dakika kumi, nasimama nakanyaga kama mara kumi na tano hivi, narudi chini. Hata kwenye mashindano. Sekunde unazopoteza hapo ni chache kuliko utakazopoteza ukishuka kukimbia miguu haina hisia.

Ila nyote mmeruka nguo. Mleta uzi hajasema anavaa nini. Joto la huku na la Dar ni ndugu, jasho linalowanisha pedi, pedi iliyolowa inasugua. Kaptula yenye pedi nzuri inavaliwa bila kitu ndani.

Ngosha wa Keria
Bila kitu ndani maana yake?

Lulu ya Qudra
Bila chupi baba. Ule mshono wa chupi ndo unaochubua.

Ngosha wa Keria
Hii michezo siyo yetu.

Mama wa Pedeli
😂😂 Ngosha ndo maana wazee wako hawaanzishi uzi, wanaumia kimyakimya.

Kanyagia_Mbezi
Aisee. Kumbe. Mimi nilikuwa naivaa juu ya boksa. Asanteni, na nimefurahi hakuna aliyeniuliza mapema.

Majibu: kava nimeitoa. Kadibodi nimekalia, nimepata 122, siti yangu ina 128 sehemu pana kabisa, kwa hiyo kwa hesabu ya Fundi ni nyembamba. Mkao sijagusa bado. Nifanyeje na pua, kuna jamaa kaniambia nishushe pua mpaka nisikie haigusi.

Fundi Pimamaji
Huyo jamaa atakumaliza mikono. Anza na siti iliyonyooka, weka pima maji juu yake au programu ya simu yenye kipimo hicho, baiskeli ikiwa imesimama wima. Kutoka hapo shusha pua digrii moja, tembea nayo, digrii nyingine, tembea. Mpaka mbili tatu kwa aero ni kawaida. Ukizidisha unateleza mbele, unajisukuma nyuma kwa mikono, mabega yanakufa na unarudi kukalia ileile pua uliyoikimbia. Na kaza vizuri, alenki siyo ya kuning'inia, reli za siti zikiteleza barabarani utajuta.

Magadi254
Tony Martin yule Mjerumani bingwa wa dunia wa mbio za muda mara nne alikuwa akiteleza mbele hivyohivyo, dawa yake ilikuwa kubandika kitu cha kukwaruza kwa siti, msasa kabisa. Kuna picha kaptula imetoboka na damu.

Mzaramo Halisi
Msasa?? Kwenye makalio?? Kwa hiari yake??

Sista wa Wodini
Tusimwige huyo tafadhali.

Kranki Fupi
Naingia kwa kuchelewa. Mnaongelea siti siti siti, mimi nasema ni kranki, ile mikono inayoshika pedeli. Ukilala chini na kranki ndefu, goti likifika juu linagonga kifua na nyonga inasukumwa, unakuwa unacheza juu ya siti kila mzunguko. Nilikuwa na ya milimita 172.5, nikaweka 165, siti ileile iliyokuwa inanitesa nikaipenda. Wakubwa wanashuka huko, Pogačar mwenyewe yuko 165.

Fundi Pimamaji
Inasaidia, sikatai. Ila kumbuka ukifupisha kranki kwa milimita 7.5 inabidi uinue siti kiasi hichohicho, sasa usukani unakuwa chini zaidi kulinganisha na siti. Kwa mtu mgumu wa kiuno unatatua hapa unaharibu pale.

Kranki Fupi
Unaongeza spesa chini ya usukani, tatizo liko wapi.

Fundi Pimamaji
Kama bomba la uma, lile linaloshika usukani, halijakatwa. Za mtumba nyingi zimeshakatwa.

Mwalimu Mstaafu Moro
Wanangu, nimeendesha tangu ujana na siti yangu ni ya ngozi, Brooks ya Wajerumani, ninayo mpaka leo. Inaingia umbo la mwenye nayo, hakuna plastiki itakayofikia. Mnahangaika na mapembe na matundu wakati jibu lipo zaidi ya miaka mia.

Magadi254
Shikamoo mwalimu. Brooks ni ya Waingereza, Birmingham, tangu 1866. Siku hizi inamilikiwa na Selle Royal ya Italia. Mjerumani hayupo hapo.

Mwalimu Mstaafu Moro
Marahaba. Iwe ya Mjerumani iwe ya Mwingereza, mimi siumwi.

Lulu ya Qudra
Mwalimu shikamoo, kwa safari ndefu ya kutalii niko na wewe mia kwa mia. Kwa triathloni unatoka baharini unadondosha maji ya chumvi moja kwa moja juu ya ngozi, itavimba na kulegea, hiyo spana yake ya kukazia utaizungusha mpaka ikome. Na pua yake ni ndefu na ngumu, ukilala chini ndo pale pale.

Kijiwe Nongwa
Nilisikia UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, wamezipiga marufuku hizo za ISM kwa sababu hazina pua. Kwa hiyo mleta uzi akinunua ataondolewa.

Magadi254
Si kweli. Sheria yao inasema urefu wa siti uwe kati ya milimita 240 na 300, basi. Nyingi za ISM zinapita hiyo 240. Na triathloni ya akina sisi haiendeshwi na UCI, ina kitabu chake. Mleta uzi anunue akitaka.

Mama wa Pedeli
Kabla hajanunua aangalie na reli. Jamaa mmoja wa kundi letu aliagiza siti ya reli za kaboni kwa bei ya kutupa, imefika, haiingii. Reli za chuma ni duara milimita 7, za kaboni nyingi ni yai, 7 kwa 9, klampu yake haikuwa na sehemu ya hizo. Akataka kuzilazimisha. Tukamnyang'anya spana. Kaboni ukiibana na klampu isiyo yake inapasuka, na inapasuka ukiwa juu yake.

Kanyagia_Mbezi
Wakuu narudi na ripoti. Sijanunua kitu bado. Nimesogeza siti mbele kadiri reli zinavyoruhusu, nimeinua viegemeo vya aerobaa kwa spesa, pua digrii mbili chini, boksa nje 😂, na kila nikipita kijiji nasimama juu ya pedeli. Jumamosi nimekaa kwenye aero kama dakika arobaini ndo ganzi ikaanza, na imekuja taratibu. Kwa hiyo kuna nafuu kubwa ila haijaisha. Tatizo jipya: mapaja kwa ndani yamechubuka pande zote mbili, kuoga ilikuwa kilio.

Kranki Fupi
Kranki.

Lulu ya Qudra
Ni nguo hiyo. Ile pedi yako ni ya kukaa wima, ukilala sehemu nene inabaki nyuma na mshono unakuja mbele. Jaribu suti ya triathloni, pedi yake nyembamba imekuja mbele zaidi na inakauka haraka. Na paka mafuta kabla, siyo baada. Mafuta ya mgando yanafaa ila yanashika nguo, mimi napenda ile krimu ya zinki ya watoto.

Fundi Pimamaji
Mimi nasema siti iko juu. Aliposogeza mbele hajashusha wala kuinua, ameacha hapohapo. Pima urefu wa mguu kwa ndani, peku, kitabu kikiwa kimebanwa katikati mpaka juu, zidisha kwa 0.883. Ndo kanuni aliyoitangaza Greg LeMond, yule bingwa wa Tour de France. Mguu wa sentimita 84 unapata 74 na kidogo. Ikizidi sana hapo nyonga zinayumba kushoto kulia kufuata pedeli, na kila ukiyumba unajisugua.

Kanyagia_Mbezi
Mguu 81. Kwa hiyo 71.5. Nimepima yangu kutoka chini mpaka siti nimepata zaidi ya 95, mbona iko mbali hivyo?

Fundi Pimamaji
Siyo kutoka chini mkuu 😂 unapima kutoka katikati ya ekseli ya kranki kupanda juu ukifuata bomba la siti. Rudia.

Kanyagia_Mbezi
73.8.

Fundi Pimamaji
Haya.

Magadi254
Bado siko na nyinyi. Hiyo kanuni ni ya mtu amekaa kwa sehemu pana ya siti. Yeye amekalia ncha, na kiatu na pedeli za kufunga zina unene wake. Sentimita mbili hazitoshi kumlaumu. Kilichochubua ni kwamba siti yenyewe ni ndefu, ana pua yote hiyo katikati ya mapaja haina kazi. Siti fupi, yaani zile za mtindo wa Power, au ISM. Ashushe kwanza sawa, lakini mimi naweka pesa yangu kwa siti.

Sista wa Wodini
Mnaweza kubishana, yeye apumzike siku mbili tatu ngozi ifunge kwanza. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, kausha, vaa kitu kilegevu. Ukimaliza mazoezi usikae na kaptula yenye jasho kijiweni unakunywa soda, ivue. Majipu mengi ya siti yanaanzia hapo, siyo kwenye siti.

Spoku Tatu
Habari wana jukwaa, nimesoma uzi wote mchana huu badala ya kazi. Mimi siti ni mtumba, Fizik Arione, mapana sawa, urefu nimeshusha kwa 0.883, ganzi sina. Ila nachubuka upande wa kushoto peke yake, kila mara palepale, na sasa pana kijipu. Nini hicho?

Fundi Pimamaji
Mguu mmoja mfupi. Siti imekaa kwa urefu wa mguu mrefu, ule mfupi unajinyoosha kufikia pedeli na kukuvuta upande mmoja. Weka kipande chini ya chuma cha kiatu, kile kinachoingia kwenye pedeli.

Kranki Fupi
Au kiuno kimekaza upande mmoja. Unalala chali, unavuta goti kifuani, unalinganisha. Usikimbilie kuweka vipande kwenye kiatu kabla hujapimwa na mtu anayejua.

Sista wa Wodini
Kijipu usikitumbue. Maji ya uvuguvugu, na ukipata homa au wekundu ukisambaa nenda hospitali.

Magadi254
Umesema mtumba. Angalia reli, pengine mwenye siti alianguka nayo na imepinda. Weka pima maji kwa upana wake, kushoto kwenda kulia, siyo mbele na nyuma.

Spoku Tatu
Nimeweka sasa hivi. Povu limeenda kulia, maana yake kushoto pako chini. Kwa hiyo ni reli siyo mguu?

Fundi Pimamaji
Umepimia wapi?

Spoku Tatu
Barazani.

Fundi Pimamaji
Baraza lina mteremko wa kutolea maji ya mvua. Ingiza baiskeli ndani, weka pima maji kwenye sakafu kwanza, ndo uweke kwenye siti.